Sema: Mungu Akulipe

Katika barabara ya Curicó kwenda Talca, nchini Chile, miaka ile reli haijafika kuwanyima majambazi riziki, kuporwa tu hakukutosha. Ukishavuliwa poncho yako ya sufu, viatu, kibeti na pete ya marehemu mama yako, umebaki na nguo ya ndani na upepo wa milimani unakupiga mpaka kwenye meno, ulitakiwa umtazame usoni aliyekuvua, umwambie kwa sauti ya adabu: "Mungu akulipe."

Ni maneno ya ombaomba wa kule. Ukimpa kipande cha mkate mlangoni mwa kanisa anakwambia Mungu akulipe, maana yeye mwenyewe hana cha kukulipa. Rudecindo Cancino akayageuza. Mchukuaji akawa yeye, na mwenye kushukuru akawa aliyechukuliwa. Ukisema vizuri, unaambiwa nenda zako. Ukisema kwa kununa, unarudia. Ukinuna tena, sikio moja linabaki barabarani na wewe unaendelea na safari. Ndiyo maana soko la Curicó lilijaa wanaume waliovaa kofia mpaka shingoni, kiangazi, jua linachoma, na hakuna aliyewauliza wanaogopa mafua gani. Jina la Cancino watu wakaliacha. Wakamwita Mungu-Akulipe.

Wenye huruma wana hadithi yao. Wanasema mama yake alikuwa ombaomba wa kanisani, na yeye, akiwa mtoto wa kushika sketi, alikuwa akisema maneno yale kutwa nzima kwa watu wasiomtazama. Wanasema binti mmoja wa mwenye shamba alimtupia mkate matopeni, akamlazimisha kurudia sentensi ile mara nyingi, "sikusikia, sema tena, sikusikia," mpaka ile familia nzima ikacheka. Huenda ni kweli. Lakini watoto wa ombaomba walikuwa wengi pale mlangoni, na wengine wote walikua wakawa wachunga nyumbu na hawakumkata mtu kitu.

Kipaji alikuwa nacho, hatukatai. Jaji mmoja alisimamishwa na gari lake la farasi, akashuka, akavua kofia, akainama na kulitamka lile neno kwa utamu kama anamshukuru askofu. Cancino akawageukia wenzake. "Huyu ana mazoezi," akasema. "Amezoea kupokea." Akamrudishia kofia. Padri Onofre, aliyekuwa akisafiri na kikombe cha fedha cha altare, alijaribu ujanja wa kusema kwa Kilatini, akitumaini mbinguni wangelihesabu vingine.

"Sema kwa lugha ya nyumbani, padri," Cancino akamwambia. "Mungu anajua Kilatini. Mimi sijui."

Padri akasema kwa lugha ya nyumbani.

Chini ya kilima cha Los Boldos, pale barabara inapoanza kupanda na nyumbu kuanza kukataa, palikuwa na kilabu cha Fidelisa Urzúa, cha kuuza chicha, pombe ya zabibu. Fidelisa alikuwa mwanamke mnene wa mabega, mwepesi wa ulimi, na mume wake Zoilo alikuwa mwanamume wa kukaa karibu na pipa. Supu ya kuku ilikuwa yake Fidelisa, mkate wa kufukiwa majivuni wake, na kuamka alfajiri kwake. Vibaka wadogo wa barabarani walikuwa wakimnywea bure na kumvunjia bilauri. Kwa hiyo alipomzaa Rosalba, mtoto wake wa kwanza kuvuka siku arobaini, akafanya jambo ambalo wanawake wa pale waliliita akili na wanaume wakaliita wazimu. Akamtumia Cancino salamu kwamba anamtaka awe baba wa ubatizo.

Kule hilo halikuwa jambo la picha na keki. Mtu akishasimama na mtoto wako kwenye maji, basi yeye ni kompadre wako na wewe ni komadre wake, na huo ni undugu usio na talaka. Kompadre hampigi komadre wake. Hamwibii. Hamshitaki. Hamtongozi, hata awe amelewa. Mtoto akimfia, hata awe upande wa pili wa milima, anakuja.

Cancino akaja. Alikuja na poncho mpya ya mtu fulani na nywele zimepakwa mafuta, akamshika Rosalba kama mtu aliyepewa yai. Padri Onofre ndiye aliyebatiza. Alimimina maji huku akimkodolea macho baba wa ubatizo, mpaka mtoto akapata ubatizo wa mwili mzima. Nje ya kanisa watoto wa kijiji wakajipanga kama desturi, wakingoja baba wa ubatizo arushe sarafu, na alipochelewa kidogo wakaanza kuimba: "Baba wa ubatizo mkono wa birika! Mkono wa birika!" Mama zao wakafumba macho. Mkono wa Cancino ukaenda kiunoni kwenye kisu, ukakaa pale kidogo. Kisha akaangua kicheko, akarusha fedha mpaka watoto wakapigana. Nyingine akampa padri kwa kazi yake. Padri akaitazama ile fedha, akaijua, maana ilikuwa yake, aliyoporwa barabarani pamoja na kikombe.

"Sema basi," Cancino akamwambia.

"Mungu akulipe, mwanangu."

Tangu hapo hakuna bilauri iliyovunjika Los Boldos. Cancino alikuwa akitokea bila taarifa, anakula supu, anamrusha Rosalba juu na kumdaka, anasimulia kazi zake kama wengine wanavyosimulia kuvuna ngano. Siku moja alisimulia habari za Belarmino, muuza vikapu mwenye kigugumizi. Nchi nzima ilimjua Belarmino. Kununua kikapu kwake kulihitaji subira, lakini vikapu vyake havikuvuja hata unga.

"Nikamwambia sema," alisimulia Cancino, akichovya mkate. "Akaanza. Mungu a... a... a... Nikamwambia chukua muda wako, baba, mimi na wewe tuna siku nzima. Nikakaa juu ya jiwe. Nikavuta sigara. Yeye bado a, a, a. Nikamuuliza, a nini? Akulipe? Akulaani? Hebu malizia, nimepatwa na hamu. Jasho linamtoka kama anazaa. Mwisho nikampiga risasi."

"Kwa nini tena, kompadre?" Fidelisa akauliza.

"Nilidhani ananitukana."

Fidelisa alicheka. Ni vizuri lisemwe wazi, kwa sababu baadaye alijaribu kukumbuka kwamba hakucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na Zoilo kwenye pipa akaigiza "a, a, a," wakacheka tena. Vile vikapu vya Belarmino, Cancino alimwachia Fidelisa. Vikaning'inizwa jikoni, kimoja cha vitunguu, kimoja cha mayai, na kikubwa kikawa kitanda cha Rosalba.

Mambo yaliharibika kwa Zoilo, kama ilivyotarajiwa. Alikamatwa akiuza nyumbu mwenye alama ya shamba ambalo kila mtu alijua si lake. Akatiwa kwenye gari la chuma. Hilo lilikuwa gereza lenye magurudumu. Wafungwa walifungwa minyororo wawili wawili ndani ya kizimba, wakivutwa na ng'ombe kwenda popote palipokuwa na mawe ya kuvunja, na usiku walilala humo humo, wamepangwa kwenye rafu kama mikate. Mvua iliingia. Harufu haikutoka. Fidelisa alimpelekea chakula, akamkuta mnyororo umemla ngozi ya mguu mpaka kwenye kitu cheupe. Mwenzake wa mnyororo alikuwa ameshakufa tangu asubuhi na msimamizi alikuwa hajapata nafasi ya kumfungua.

Ndipo akaja Luteni Barahona. Alitoka mji mkuu na askari wake, kijana wa masharubu membamba, aliyeahidi wakubwa zake kichwa cha Mungu-Akulipe. Alipanda na kushuka milima ile kwa majira mawili na hakupata hata kwato. Mwisho akaja kukaa kwenye benchi la Fidelisa, akaagiza chicha, hakuinywa.

"Huwa anakuja hapa?"

"Nani, bwana?"

"Wee mama, usinichezee. Kompadre wako."

"Anakuja kama mvua, bwana Luteni. Ukianika nguo anakuja, ukimsubiri haji."

"Na ni kitu gani kitamleta siku ninayotaka mimi?"

Fidelisa alikuwa akifuta meza. Mdomo wake siku zote ulitangulia kichwa. "Labda mtoto afe," akasema. "Hapo hata awe amevuka mpaka, atakuja kumfunga mabawa." Akacheka.

Luteni hakucheka. Akauliza mabawa gani. Fidelisa akamweleza, kama unavyomweleza mtu wa mjini asiyejua kitu. Kwamba mtoto mchanga akifa anakuwa malaika, si maiti. Anavalishwa nyeupe, anapakwa rangi mashavuni, anakalishwa kwenye kiti juu ya meza, kati ya maua na mishumaa. Watu wanaimba na kunywa. Kulia ni marufuku, mama ndiye wa kwanza kukatazwa, kwa sababu machozi yanalowanisha mabawa na malaika aliyelowa haruki. Watu wanamnong'oneza sikioni salamu za wafu wao. Silaha zinaachwa mlangoni. Na mabawa hafungi mwingine ila baba wa ubatizo, maana aliyemfunga ndiye atakayemshika mkono kule aendako. Asipofungwa anabaki njiani, peke yake, gizani, mtoto mdogo hivyo.

Alipofika mwisho wa maelezo, kicheko chake mwenyewe kilikuwa kimeshakwisha, na kitambaa kimesimama juu ya meza.

"Basi afe," akasema Luteni.

"Bwana?"

"Si kweli kweli, mama. Atalala tu. Tabibu wangu ana matone ya afyuni. Wewe utatangaza msiba, watu watakuja, yeye atakuja, sisi tutakuwa hapo stoo nyuma ya mapipa. Jioni mtoto anaamka ananyonya, na mumeo anatoka kwenye gari."

"Mtoto mzima havalishwi, bwana." Fidelisa aliongea polepole. "Mtoto akishavalishwa, kule juu wanamwandalia nafasi. Nafasi ikishaandaliwa hawairudishi."

"Ushirikina."

"Sawa. Lakini mtoto si wako."

Luteni akamtazama Rosalba, ambaye alikuwa kwenye kikapu chake akila kidole cha mguu kwa bidii. "Kwenye gari la chuma hakuna nafasi ya mwanamke," akasema. "Ila tunaweza kuwabana wengine. Wewe umemlisha jambazi miezi yote hii, ushahidi ninao umening'inia jikoni, vikapu vya yule kigugumizi. Na mtoto anayenyonya humfuata mama yake. Rafu za chini ndizo zenye nafasi. Maji ya mvua huishia huko." Akasimama, akavaa glavu. "Chagua, mama. Alale nyumbani kwake au alale kule."

Fidelisa alimtazama mwanawe. Nyie mlioketi mahali pakavu mnaweza kumchagulia jibu.

Tabibu wa kikosi alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mikubwa. Siku za kawaida alitibu farasi. Akauliza mtoto ana uzito gani, Fidelisa akasema kama kuku wawili, tabibu akafikiri, akahesabu matone akichezesha midomo. Rosalba akalamba kijiko, akakunja uso, akalala. Alilala kama kitu kilichowekwa chini. Wakamvalisha.

Habari za msiba hazina mguu mbaya. Kabla jua halijapinda kilabu kilikuwa kimejaa. Bi Tránsito, mwimbaji wa malaika wa bonde zima, alikuja na gitaa lake na kiu yake. Wanawake wakaleta maua ya karatasi. Fidelisa alisimama karibu na meza kama askari wa zamu, na kutolia kwake watu walikusifu sana, bila kujua sababu.

"Kafa na nini, maskini?"

"Homa."

"Mbona hajakonda hata kidogo? Tazama mashavu, mekundu kama ya bibi harusi."

"Ni rangi ya karatasi, jirani. Usimguse, itatoka."

Bi Tránsito, ambaye hakuna aliyewahi kumkataza kitu, alipanda kwenye stuli akambusu malaika miguuni kama ilivyo ada. Akabaki ameinama. "Miguu ina joto," akasema.

"Mishumaa hiyo," Fidelisa akajibu. "Imekaa karibu."

"Mishumaa," akarudia Bi Tránsito. Akamtazama, akashuka, akaomba chicha.

Cancino hakuja siku hiyo. Jioni Rosalba akachezesha vidole, na Fidelisa akamchukua haraka nyuma ya pazia eti anamnyoosha gauni. Huko stoo akampata Luteni amekaa juu ya pipa.

"Anaamka. Nimnyonyeshe, tumalize, watu waende. Haji huyo."

"Atakuja," akasema Luteni. "Tabibu!"

"Ameshakunywa cha kutosha, bwana. Tazama midomo yake."

Tabibu akatazama midomo. Akamtazama Luteni. Akahesabu matone. Alfajiri wakarudia tena, na safari hii hakuhesabu kwa midomo, alimimina. Fidelisa ndiye aliyeshika kichwa cha mtoto. Akarudi naye mezani, akamkalisha, akamnyoosha shingo na kumwegemezea mto. Bi Tránsito akawa amefikia ule ubeti ambao malaika anamuaga mama yake, anamwambia asilie maana anakwenda kwenye bustani. Watu wote wakaitikia. Fidelisa naye akaitikia.

Cancino alifika mchana wa siku ya pili, kwa miguu, katikati ya wanawake waliobeba mikate, kofia mkononi. Hakujificha hata kidogo. Bastola na kisu aliviweka mlangoni juu ya rundo la visu vya wengine, kwa heshima, na watu wakampisha njia. Chini ya poncho alikuwa na furushi. Akalifungua. Yalikuwa mabawa, si ya karatasi kama ya maskini wengine. Manyoya meupe ya korongo wa mtoni, unyoya juu ya unyoya, yameshonwa kwenye kitambaa cha hariri ambacho mwenyewe hatukumuuliza alikitoa kwa nani. Vidole vyake vilikuwa vimejaa matundu ya sindano.

"Nimechelewa, komadre. Kushona ni kazi ya shetani. Bora kukata."

"Mungu alivyopanga, kompadre," akasema Fidelisa. Sauti ilitoka, yeye mwenyewe akashangaa.

Akapanda kwenye stuli. Akamfunga Rosalba mabawa, utepe kifuani, utepe mabegani, akatengeneza manyoya yasikunjike. Kisha akainama kumnong'oneza salamu za mama yake, yule ombaomba wa kanisani. Alinong'ona kwa muda. Bi Tránsito akapunguza gitaa. Cancino akawa ameweka shavu karibu na mdomo wa mtoto, na ghafla akainua kichwa.

"Komadre," akasema. "Malaika wako anapumua."

Mtu akaangusha bilauri. "Muujiza!" akapiga kelele Bi Tránsito, ambaye alikuwa amelisubiri hilo tangu jana, na watu wote wakapiga magoti kama majani yaliyofyekwa. Muujiza, muujiza, wanalia, wanajipiga vifua. Cancino akamnyanyua mtoto na mabawa yake, na inasemwa, na mimi nasema hivyo hivyo, kwamba katika chumba kile hakukuwa na mtu mwenye furaha kuliko yeye. Alikuwa akicheka kama mtoto aliyerushiwa sarafu. "Amefufuka! Komadre, tazama! Amefu..."

Kisha akaona uso wa Fidelisa. Mama aliyeambiwa mtoto wake aliyekufa anapumua huruka, hupiga yowe, hunyang'anya. Fidelisa alikuwa anatazama mlango wa stoo.

Jambazi yeyote mwingine angekwenda. Dirisha lilikuwa wazi, watu wote wamepiga magoti, mlangoni kuna rundo la visu. Hatua chache tu. Lakini Cancino alikuwa amefanyiwa kitu ambacho hakikuwa na jina katika bonde lile, na kumpiga komadre haiwezekani, na kumwibia haiwezekani. Akabaki na lile lake moja. Akamshika Rosalba vizuri mkononi, akashuka kwenye stuli.

"Sema," akamwambia.

"Kompadre, nenda. Nipe mtoto, nenda."

"Nimekuja kwenye msiba wako. Nimekushonea mabawa. Sema."

Fidelisa akafungua mdomo. "Mungu a..." Akaanza upya. "Mungu a... a..."

"A nini, komadre?" Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Chukua muda wako. Mimi na wewe tuna siku nzima."

"A... a..."

Na akasubiri kweli. Akakaa kwenye benchi, mtoto mapajani, anamwangalia kwa ile subira yake ya juu ya jiwe. Fidelisa alikuwa bado kwenye a wakati mlango wa stoo ulipofunguka na bunduki zikatoka. Cancino hakusimama. Alimnyooshea Fidelisa mtoto kwanza. "Shika," akasema. "Kichwa, shika kichwa." Ndipo wakamwangukia kwa vitako vya bunduki, pale pale kwenye miguu ya waliopiga magoti, na mmoja wao alivaa kofia mpaka shingoni na aliomba apewe nafasi naye apige.

Walimpandisha Los Boldos alfajiri. Luteni alipenda mzaha, na alikuwa ameungoja huu kwa muda mrefu. "Sema sasa," akamwambia mbele ya safu ya bunduki. "Mungu akulipe."

"Kwanza nipe," akasema Cancino, kwa mdomo usio na meno ya mbele. "Ndipo nishukuru."

Wakampa.

Chini kilabuni Fidelisa aliisikia milio akiwa amekaa sakafuni. Alikuwa amemtikisa Rosalba tangu mchana. Alimmwagia maji, alimpulizia mdomoni, alimchoma mguu kwa sindano ile ile iliyobaki kwenye hariri. Tabibu aliitwa mara tatu. Mara ya mwisho alimfungua mtoto jicho kwa kidole chake kikubwa, akalitazama kwa muda mrefu.

"Farasi angeshaamka," akasema, akaenda kufunga mizigo. Kikosi kilikuwa kinaondoka.

Mchana watu wakarudi, wengine kwa ajili ya muujiza, wamebeba vilema wao. Wakamkuta mtoto kwenye kiti juu ya meza, na mabawa yake ya manyoya.

"Kafa tena?" akauliza mmoja.

"Mguseni," akasema Fidelisa. "Leo mnaruhusiwa."

Bi Tránsito akambusu miguu. Hakusema neno la mishumaa. Akakaa, akaimba beti zile zile tangu mwanzo, na alipomaliza akadai malipo mara ya pili, kwa sababu malaika wa jana, alisema, alikuwa kazi nyingine.

Zoilo akaletwa na mkokoteni, Luteni alitimiza ahadi. Akaingia akichechemea, akasimama mbele ya meza. "Nani kamfunga mabawa?"

"Baba yake wa ubatizo."

"Afadhali," akasema Zoilo. Akaanza kulia, na wanawake wakamrukia na kumziba mdomo kwa kitambaa. "Usimlowanishe, wewe mpuuzi! Usimlowanishe!" Fidelisa hakuhitaji kitambaa. Baada ya maziko akaja Baldomero, mwenye kilabu cha ng'ambo ya kilima, akiwa amechelewa na amekasirika. Alikuwa ametaka kumkodi malaika kwa siku mbili, wengine hukubali, na malaika aliyefufuka angeuza mapipa mengi. Zoilo, aliyetoka gerezani na kiu, akauliza angelipa kiasi gani. Sufuria ya supu ilikuwa jikoni, inachemka. Alama ya supu ile Zoilo alizikwa nayo usoni, miaka mingi baadaye.

Pale Cancino alipoangukia mtu fulani akawasha mshumaa. Kisha mwingine. Kule mtu akifa vibaya barabarani roho yake inabaki pale na inakuwa na msaada, hata kama alipokuwa hai hakumsaidia mtu ila kuvua viatu. Wakamjengea kijumba cha mawe. Watu wanamwomba nyumbu aliyepotea, mimba, mume arudi. Wenye sikio moja nao wanakuja, wanavua kofia, mahali pekee wanapozivua. Na wote wakipata walichoomba hurudi na kusema lile neno, kwa sauti nzuri, kwa adabu.

Fidelisa hupanda kila Jumatatu, siku ya roho za wafu. Haombi nyumbu. Aliyemfunga mtoto mabawa ndiye anayemshika mkono kule, na huko mtoto wake hana mtu mwingine. Mara ya kwanza alikwama kwenye a mpaka mshumaa ukaisha. Sasa maneno yanatoka. Anapiga magoti kwenye changarawe, anasema Mungu akulipe, kompadre, anatega sikio. Zamani ukisema vizuri uliambiwa nenda zako. Anangoja kidogo. Kisha, kwa kuwa hakuna anayemwambia, anarudia.